Nguo Yenye Meno

Nimestaafu mwaka huu. Ninyi mliobaki stoo mmeniomba niwaandikie jinsi kazi ilivyokuwa, na nadhani mlitarajia habari za vyeo. Sikupanda vyeo vingi, kwa hiyo habari hiyo imekwisha hapa. Nitaandika juu ya vitambaa, buti, watu walionifundisha, na makosa niliyoyafanya baada ya kufundishwa.

Mimi ni raia. Sijawahi kushika bunduki. Nilipomaliza sekondari hapa Bujumbura niliomba kazi serikalini, nikapelekwa kwenye stoo ya mavazi ya jeshi. Mama yangu alilia akidhani nimekuwa askari. Nilipomweleza kwamba nitakuwa natunza suruali, alilia tena, safari hii kwa ajili ya mbuzi aliowauza ili nisome.

Siku ya kwanza nilipokelewa na mkuu wa stoo, Ajida Silivesta (ajida ni cheo chake), askari mnene mwenye sauti ndogo. Hakunionyesha meza wala kiti. Alinipa jozi ya buti mpya na kuniambia nizivae, nizunguke nazo uwanja wa kambi hadi jioni. Nilidhani ni adhabu, nikajiuliza nimekosa nini kabla hata ya kuanza. Jioni nilirudi na malengelenge. Aliniuliza buti zinauma wapi, nikamwonyesha kisigino. Akachukua kisu, akapasua buti moja mahali hapohapo, na ndani, palipopaswa kuwa na ngozi, tukakuta kadibodi. Akaniambia kwamba serikali imelipia ngozi, na atakayelipa mara ya pili ni mtoto wa mtu atakayepanda nazo milimani wakati wa mvua. Shehena yote ilirudishwa kwa mwenyewe. Miguu yangu ilichukua muda kupona, na mpaka leo siwezi kumwona mtu amevaa viatu vipya bila kutazama visigino vyake.

Vifaa vya Ajida vilikuwa mkasi, chaki, ndoo ya maji na kipande cha mkaa. Kitambaa kipya alikiloweka, akakikanyaga, akakisugua kwa mkaa, akakivuta pembe kwa pembe, mwisho akakinusa. Kuhusu kunusa nilimwona mgonjwa wa akili, hadi siku nami nilipogundua harufu ya mafuta ya taa kwenye mzigo uliolowa melini. Alikuwa pia na desturi moja ambayo hakuiacha hata mara moja. Alipoagiza kitambaa hakutuma maneno peke yake. Alikata kipande cha ukubwa wa kiganja, akakipeleka kwa mfanyabiashara pamoja na maagizo. Alisema neno hubadilika njiani, kitambaa hufika vilevile.

Kosa langu la kwanza kubwa lilikuwa la bereti. Zilifika karibu na sikukuu, nzuri, laini, za kijani kibichi. Nilizivuta, nikazinusa, lakini sikuziloweka, kwa sababu ndoo ilikuwa mbali na mimi nilikuwa na haraka. Siku ya gwaride mvua ikanyesha. Askari walisimama wima kama walivyofundishwa, hakuna aliyeinua mkono kujifuta, na rangi ikateremka taratibu kwenye paji la uso, puani, hadi kidevuni. Wageni waliokuwa jukwaani walidhani ni aina mpya ya kujificha porini. Ajida hakunigombeza. Alileta ndoo, akaiweka kando ya meza yangu, na hapo ikabaki hadi alipostaafu.

Miaka ya vita sitaiandika. Wengine wameiandika vizuri kuliko nitakavyoweza. Nitasema jambo moja tu la stoo. Nguo zilitoka haraka kuliko zilivyoingia, na nyingine zilirudi bila mwenyewe. Mimi nilizipokea, nikazikunja na kuzipanga kama nguo nyingine. Najuta kwamba sikuuliza hata jina moja.

Amani iliporudi, stoo ikapata karakana ya kushonea, na karakana ikampata Mama Spesi. Alikuwa fundi wa kiraia kutoka mtaa wa Kinama, mwembamba, mwenye mdomo usiopumzika, na aliongoza wanawake wenzake waliokuwa wakilipwa kwa kila nguo waliyomaliza. Jina langu ni Deo, lakini yeye aliniita Papa Aline, kwa jina la binti yangu wa kwanza, hata mbele ya maofisa. Nyumba yake ilikuwa ukingoni mwa korongo, na kila masika korongo lilikula kidogo. Lilianza na migomba, likachukua choo, halafu jiko. Tulipofahamiana kulikuwa kumebaki uwanja mwembamba kati ya mlango wake na shimo, na watoto walikatazwa kutoka mbio.

Saa ya kula maharagwe ndipo tulipobishana juu ya pesa za jeshi. Mtu akisema kwamba wafanyakazi wa jeshi hawazungumzii jambo hilo, hajawahi kula nasi. Mama Spesi alikuwa na hoja moja aliyoirudia kila wiki.

"Mi nashona suruali ya askari, mutoto wangu anaenda kusoma amekaa juu ya tofali. Sasa hapo nani analindwa?"

"Askari asipokuwako," Ajida alimjibu, "hata ile tofali mutoto wako hatakaa juu yake. Ulisahau tulivyokimbia?"

"Sikusahau. Basi mukate suruali kwa magoti, ile kitambaa inabaki mutununulie dawati."

Ajida alicheka mpaka akamwaga chai. Mimi niligeukageuka. Siku nyingine nilikuwa upande wa dawati, siku nyingine upande wa suruali, kufuatana na nani alikuwa amenipa kipande cha ndizi. Nilidhani swali lote ni hilo: mezani kwetu kuna mkate mmoja, ukatwe wapi.

Ajida akastaafu, akafungua kibanda cha kutengeneza viatu huko Cibitoke. Nami nikaachiwa mkasi, chaki na kazi ya kuagiza. Wakati huo nilikuwa nimenunua simu ya mkononi, na niliipenda kuliko inavyofaa kupenda kitu chenye betri.

Sasa nifike kwenye habari mnayoijua nusunusu. Mfanyabiashara wetu alikuwa Mzee Salum, wa ukoo uliotoka Omani na kufungua maduka hapa mjini kabla babu zetu hawajaona lami. Duka lake lina milango miwili: mmoja wa vitambaa, mwingine wa vifaa vya ujenzi. Msimu ule tulihitaji kitambaa kwa ajili ya askari wapya waliokuwa karibu kuapishwa. Mzee Salum alikuwa Kigoma akisubiri meli. Sikukata kipande. Nilimpigia simu.

Laini ilikuwa mbaya, sauti yake ikija kama ya mtu aliye ndani ya pipa. Nikapaza maneno makuu tu: treyi, ya kijani, kwa rulo (yaani iliyoviringishwa), ya nguvu, isiyoharibika kwa mvua, ya kambi. Akajibu Alhamdulillahi, iko, tena ya mzuri. Nikakata simu nikiwa na furaha ya mtu wa kisasa.

Sote tunajua treyi ni nini. Ni lile neno la Kifaransa, treillis, yaani nguo ya kazi ya askari. Lakini kwa Kifaransa hichohicho ni pia wavu wa waya wa kuzungushia ua. Nilikuwa nimelitumia neno hilo kwa vyote viwili maisha yangu yote, na kwa kuwa sikuwahi kumwona mtu amevaa ua, sikuona hatari.

Meli ilipofika nilishuka bandarini na lori la kambi. Mbebaji mmoja mwenye kifua kipana alitoka na rulo begani, akaiweka chini mbele yangu, akanyonya damu kidoleni.

"Mzee," akasema, "hii nguo yenu iko na meno."

Nikamwambia asitanie. Akaniambia nijaribu kuivaa. Nyuma yake wenzake walikuwa wakiteremsha rulo baada ya rulo, za kijani, za nguvu, zisizoharibika kwa mvua. Mzee Salum alikuwa amesimama pale na mwavuli wake, ameridhika.

"Mzee Salum, hii ni nini?"

"Treyi. Kijani. Rulo. Ya kambi. Si ulisema mwenyewe?"

"Nilisema treyi ya kushona."

"Apana, bwana. Kushona hukusema. Ungesema kushona, ningekuuliza uko na sindano gani."

Alikuwa na haki, na alikuwa na huruma pia. Aliahidi kuleta kitambaa msimu ujao, lakini waya ulikuwa umekwisha kulipiwa na fungu la msimu ule lilikuwa limekwisha. Nilirudi kambini nikiwa nimekaa nyuma ya lori pamoja na mzigo, kwa sababu niliona hapo ndipo ninapostahili.

Kanali aliyesimamia ugavi wakati huo alikuwa amesomea ujenzi wa kijeshi, mtu wa maneno machache. Alizunguka rulo zote, akagusa moja kwa kidole.

"Deo, hii askari ataivaa upande gani?"

Nikamweleza kwamba kosa ni langu peke yangu, kwamba sikutuma kipande. Hakupandisha sauti. Aliuliza tu askari wapya wataapa wamevaa nini. Ndipo Mama Spesi akaingia na wanawake wake, kila mmoja na mkasi ulionolewa, maana nilikuwa nimewaambia kitambaa kinafika siku hiyo. Akaangalia rulo. Akaniangalia mimi. Akaipiga rulo moja teke, taratibu, kama mtu anayejaribu gurudumu.

"Vizuri sana, Papa Aline. Pesa ya dawati ilienda kwa suruali, sasa suruali nayo imeenda kwa ua ya kuku. Haya, leta sindano, tushone hii."

Wote walicheka isipokuwa Kanali. Alimwuliza anakaa wapi. Akamwambia Kinama, kwenye korongo. Kanali alilifahamu; Jumamosi za kazi za pamoja alikuwa amepeleka askari pale kubeba mawe hadi ukingoni, na kila mvua ilikuwa imeyabeba mawe kuyapeleka ziwani bila kushukuru. Akainama, akakunja pembe ya waya mara mbili, akaivuta kwa nguvu. Alisema huu si ule unaotumika hasa kwa kazi ya kuzuia maji, lakini ukikunjwa mara mbili utashika. Ukatwe, ukunjwe uwe masanduku, masanduku yafungwe kwa waya mwembamba pembe zote, yajazwe mawe, na mfuniko nao ushonwe. Maji hayataweza kubeba jiwe mojamoja. Yatalazimika kubeba ukuta mzima.

"Ushonwe?" Mama Spesi akauliza.

"Ushonwe," Kanali akasema. "Nani hapa anajua kushona?"

Ndivyo karakana ya mavazi ilivyohamia Kinama. Askari walikata na kubeba mawe, wanawake walishona kwa koleo badala ya sindano. Mama Spesi alipita nyuma yao akivuta kila mshono. Pembe alitaka zishonwe mara mbili, akisema pembe ya sanduku ni kama katikati ya miguu ya suruali, ndipo panapopasuka kwanza, tena mbele ya watu. Askari mmoja aliyeshona ovyo aliambiwa afumue na asahau kuoa. Wanawake walilipwa kwa kila sanduku kama walivyolipwa kwa kila nguo, ingawa sijui sanduku la mawe liliandikwa kuwa vazi gani. Ajida Silivesta alikuja kutoka Cibitoke kutazama. Alicheka mpaka akalazimika kukaa, na alipokaa akaomba koleo. Sijawahi kufanya kazi kwa furaha kama siku zile, na niliona aibu kufurahi hivyo kwa jambo lililotokana na uzembe wangu.

Askari wapya waliapa wakiwa na nguo kuukuu zenye viraka. Mzazi mmoja aliuliza kama mwanawe amekwisha kupigana. Gharama hiyo waliibeba wao, vijana waliokuwa wameingoja siku ile, na nilimwomba radhi kila niliyemfahamu.

Mvua kubwa ya kwanza ilikuja mchana. Nilikimbilia Kinama. Maji yalishuka mekundu, yakagonga masanduku, yakageuka. Ukuta haukusogea. Mama Spesi alikuwa mlangoni kwake, mikono kiunoni, akiyatukana maji kwa Kirundi na Kiswahili, na watoto wake wakicheza nyuma yake. Nilidhani habari imeishia hapo.

Lakini niliandika kwamba maji yaligeuka. Sikujiuliza yamegeukia wapi. Ng'ambo ya korongo aliishi Mzee Bosco, mfuga nguruwe, ambaye ukingo wake ulikuwa salama miaka yote. Siku ile maji yaliyokataliwa na ukuta wetu yalikwenda kwake na kuchukua banda. Nguruwe walipatikana chini karibu na kanisa, wazima na wenye hasira. Kesho yake alikuja mpaka stoo, kofia mkononi.

"Nyinyi mumejikinga, vizuri," akaniambia. "Sasa maji yote imekuja kwangu. Na mi nifanye je? Ninunue waya yangu niwarudishie? Halafu nyinyi munaongeza, na mi naongeza?"

Hakuna mtu mezani kwetu aliyekuwa amelisema jambo hilo. Tulibishana miaka mingi kuhusu kinachopungua nyumbani pesa zikienda kwenye ulinzi, na kinacholindwa. Hatukuwahi kumkaribisha aliye ng'ambo. Naamini bado kwamba nchi inahitaji askari, na kwamba buti zao ziwe na ngozi ndani. Naamini pia kwamba dawati la mtoto wa Mama Spesi lilichelewa mno. Lakini tangu siku ile, mtu akiniambia ukuta fulani una faida, namwuliza maji yanakwenda wapi.

Rulo zilikuwa zimebaki, zimepangwa nyuma ya stoo kwa ajili ya ua wa kambi. Nilimwambia Mzee Bosco nitamwombea kwa Kanali. Sikumwombea. Kanali alikuwa ameacha kulitaja neno waya mbele yangu, na mimi nilitaka iendelee hivyo. Kila asubuhi nilijiambia kesho. Mvua ya pili kubwa ikachukua chumba chake cha kulala, kitanda na vyote. Ilikuwa siku ya soko, hakuna aliyekuwa ndani. Nikifikiri kwamba ingeweza kuwa usiku, hadi leo siwezi kukaa nikatulia.

Aliyekuja kunichukua ni Mama Spesi. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha.

"Papa Aline, mi nalala kwangu, sisikii kitu. Ule mutu analala kwa kanisa na nguruwe zake. Mi siwezi kulala vizuri hivyo."

Tukaenda pamoja kwa Kanali. Nilimweleza yote, pamoja na siku nilizokaa kimya. Aliniuliza swali moja.

"Kwa nini habari ya mvua imenifikia kabla yako?"

Alisema chukueni rulo zote zilizobaki. Nikamkumbusha ua wa kambi.

"Kambi iko na walinzi," akasema. "Ule mzee iko na nguruwe."

Tulishona ng'ambo Jumamosi baada ya Jumamosi, na safari hii watu wa kingo zote mbili walikuja, hata waliokuwa hawasalimiani. Mzee Bosco alipika nyama kwa wasiokuwa Waislamu, na kwa Mzee Salum, aliyeleta waya mwembamba bila kuulizwa, alitafuta samaki. Nyumba ya Bosco ilijengwa upya nyuma kidogo. Mimi nilibeba matofali yake. Nilikuwa nayastahili kuliko mtu yeyote. Hakunilaumu hata siku moja. Aliniita Mhandisi, mbele ya watu, na nilimwacha aendelee.

Sanduku la mwisho lilishonwa mchana, mawingu yakiwa yamekwisha kushuka mlimani. Mama Spesi alisimama upande wake, Mzee Bosco upande wake, wakikaguana kwa sauti juu ya shimo.

"Mushono yako imelegea, mzee! Hata nguruwe anaweza kupita!"

"Nguruwe yangu anakusalimia! Anasema yako imekaa kama gunia!"

Matone yakaanza. Siku nyingine zote watu wa pale waliposikia matone walibeba watoto na magodoro. Siku ile hakuna aliyekimbia. Tulisimama kingo zote mbili, askari, mafundi, wenye nyumba, tukiwa tumelowa, hata mwavuli wa Mzee Salum ukiwa umekunjwa. Maji yakaja kwa kishindo, yakagonga upande mmoja, yakagonga wa pili, yakaona hapana njia. Yakapita katikati, yakaenda zake ziwani.